Uliza Fundi: Sato, trauti na sukuma wiki kwenye baridi ya Ulaya

Tangu tugusie akwaponiki toleo lililopita barua zimemiminika, na nyingi zimetoka kwa ndugu zetu walioko Ulaya, kwaiyo safari hii ukurasa wote nimewaachia wao. Kwa aliyeingia leo: akwaponiki ni kufuga samaki na kulima mboga kwa maji yaleyale. Samaki anakula, anatoa amonia kwa wingi kupitia matamvua yake, kuna bakteria wanaigeuza kuwa naitriti, bakteria wengine wanaigeuza naitriti kuwa naitreti, na naitreti ndo mbolea ya mboga, alafu maji yanarudi kwa samaki yakiwa safi. Sasa kwenye baridi kila mmoja hapo ana joto lake analolitaka, samaki lake, bakteria lake, mboga lake, na karibu maswali yote niliyopokea yanazunguka hapohapo.

Shikamoo Fundi. Naishi Hamburg, nina kiwanja cha bustani cha kukodi, ile Kleingarten, ndani kuna grinihausi ya plastiki ngumu mita tatu kwa nne. Nimepata tangi la lita 1000 lile lenye kreti ya chuma, nataka kufuga sato manake nimezaliwa Mwanza na samaki wa friji wa huku nimeshawachoka. Kuna mtu kaniambia niweke heta tu basi. Inawezekana mwaka mzima? Baba Mapacha, Hamburg

Marahaba Baba Mapacha. Kuwezekana inawezekana, ila tupige hesabu kwanza kabla hujanunua hiyo heta.

Sato (tilapia) anakua vizuri maji yakiwa nyuzi 27 mpaka 30. Yakishuka chini ya 17 anaacha kula, yakifika 10 au 12 unaanza kumwokota. Kupandisha lita 1000 kwa nyuzi moja tu kunakula umeme wa kilowati-saa 1.16, kwaiyo kutoka nyuzi 8 za bomba mpaka 27 ni kama kilowati-saa 22, na hiyo ni mara moja, bado hujaanza kulishikilia hilo joto. Tangi lako likiwa na maji lakini halijavalishwa wala kufunikwa, na grinihausi iko nyuzi 5, litapoteza kama kilowati-saa 20 kila siku. Ukilipa senti 30 kwa kilowati-saa moja ni euro 6 kwa siku, euro 180 kwa mwezi, kwa samaki ambao sokoni wangekugharimu kidogo mno kuliko hapo. Ukilivalisha povu gumu la sentimita 10 pande zote na chini na juu, upotevu wa tangi lenyewe unashuka mpaka kama kilowati-saa moja na kidogo, hapo watu wanafurahi sana, alafu wanawasha pampu inayopeleka maji kwenye vitanda vya kokoto zilimopandwa mboga, na kokoto zinamwaga joto lote usiku kucha. Hicho kitanda cha kokoto kinachojaa na kukauka, kwa Januari ya Hamburg, ni mashine ya kupoza maji. Ndo maana nasema tatizo la sato sio tangi, ni mzunguko mzima.

Na usifikiri utamfuga Mei mpaka Septemba umalize. Kifaranga cha gramu 50 kinahitaji miezi sita mpaka minane ya maji moto kweli kufika nusu kilo, na kiangazi cha Hamburg hakina miezi hiyo.

Wanaofuga sato na kambale Ujerumani wana joto la bure au la bei chini. Pale Mecklenburg, hukohuko kaskazini kwako, kuna wafugaji wa kambale wetu wa Afrika, huyuhuyu wa matope anayepumua hewa, wanatumia joto linalobaki kwenye mitambo ya gesi ya samadi. Chuo Kikuu cha Rostock nao wana jengo la utafiti wanaloliita FishGlassHouse, tangu 2015, upande mmoja kambale upande mwingine grinihausi za mboga, na Rostock sio mbali na wewe. Huko joto la kubaki lipo. Kwenye Kleingarten halipo, na nyingi ya bustani hizo za kukodi hata maji wanayafunga majira ya baridi, bomba zisipasuke.

Mimi ningekushauri hivi. Fukia tangi nusu au zaidi ardhini, manake ukishashuka mita moja hivi udongo hauzizimi kama hewa ya juu, livalishe povu, liwekee mfuniko. Oktoba nunua trauti wadogo wa gramu 100 au 150 kutoka kwa mfugaji, wale kwa baridi yote, hawatakula sana maji yakiwa nyuzi 5 lakini watakula, Machi na Aprili maji yakipanda mpaka 10, 12, 14 utawaona wanavyonenepa, alafu mwisho wa Mei kabla jua halijachoma unawavuna wote. Kiangazi unaweka kapi, yule Karpfen wa Wajerumani, au unaacha samaki wa mapambo wachache tu wa kuwalisha bakteria. Samaki umchague kwa maji uliyonayo. Najua trauti sio sato, na ladha ya nyumbani ni kitu kikubwa, ila trauti wa kukaanga na ndimu na pilipili akiwa katoka majini saa hiyohiyo, utanishukuru.

Mawili ya mwisho: uliza uongozi wa hiyo bustani kama wanaruhusu samaki, na ujue sheria ya Ujerumani ya ulinzi wa wanyama inataka anayemuua samaki awe na ujuzi wa kufanya hivyo, samaki anazimishwa kwanza ndo anachinjwa. Ukichukua mafunzo ya leseni ya uvuvi hilo wanakufundisha.

Sasa Fundi! Mimi ni Mkenya niko Luton. Nilianza system yangu November kwa shed, tangi ya lita 500, goldfish kama ishirini, sukuma wiki na spinachi. Saa hii ni January, amonia inasoma 4, samaki wawili wameshakufa, na sukuma majani mapya yanatoka manjano. Nimebadilisha maji mpaka nimechoka. Nifanye nini? Dada wa Luton

Poa sana dada, na pole kwa samaki. Una shida mbili na zimekuja pamoja, tuzitenganishe.

Amonia kwanza. Wale bakteria niliowataja juu wanapenda joto, nyuzi 20 kwenda mbele wanafanya kazi vizuri, maji yakishuka chini ya 10 kazi yao inapungua kwa nusu au zaidi. Mtu akianza mfumo mpya Mei inamchukua wiki nne mpaka sita bakteria kujaa, akianza November ndani ya shed inaweza kumchukua baridi yote, manake hawaongezeki. Kwaiyo samaki wako wameingia kwenye nyumba isiyo na choo. Fanya hivi leo: acha kulisha kabisa siku kadhaa, goldfish kwenye maji ya nyuzi 6 hawatakufa njaa, hawana hata hamu. Chakula ndo amonia, ukizima chakula umezima bomba. Badilisha maji robo robo mpaka kipimo kishuke chini ya miligramu 1 kwa lita, sio yote kwa mkupuo. Alafu uliza kampuni yako ya maji kama wanatumia klorini au kloramini, manake klorini ukiacha maji kwenye ndoo siku moja mbili na hewa ikipita inaondoka, kloramini haiondoki, inabidi utumie dawa ya kuondoa klorini ya maduka ya samaki, la sivyo kila unapobadilisha maji unaua wale bakteria wachache uliowapata kwa shida.

Kuna kitu kingine cha Luton. Maji yenu yanapita kwenye miamba ya chokaa, ni magumu sana, pH, kile kipimo cha uchachu wa maji, itakuwa karibu na 8. Amonia ileile kwenye pH 8 ina sumu kama mara kumi kuliko kwenye pH 7. Baridi inakusaidia hapo, manake kwenye maji baridi sehemu ile yenye sumu inakuwa ndogo, ndo maana wamekufa wawili na sio ishirini.

Hiyo pH ndo inakupeleka kwenye manjano. Majani machanga yakitoka manjano na mishipa imebaki kijani, ni chuma kimekosekana, na kwenye maji yenye pH ya juu chuma hata kikiwepo mmea haukipati. Misumari yenye kutu usitumbukize, haisaidii. Nunua chuma cha mbolea kilichofungwa kwa kemikali iitwayo EDDHA, ile ya DTPA inatosha mpaka pH 7.5 hivi, ya EDDHA inavumilia zaidi, maji yatakuwa mekundu siku chache usiogope, miligramu 2 kwa kila lita kila wiki tatu nne. Na kinga maji ya mvua uchanganye na ya bomba nusu kwa nusu, ndo njia ya bei rahisi kabisa ya kulainisha maji ya huko, ila gata isiwe ya shaba wala ya bati lenye zinki, samaki hawavumilii. Kushusha pH kwa ndimu au siki usifanye, ile citric asidi ya ndimu inawadhuru bakteria na kesho pH imerudi palepale.

Sukuma wiki umechagua sawasawa kabisa. Hiyo ni mboga ya baridi, baridi kali kidogo hata inaifanya iwe tamu. Itapona.

Mimi ni mama ya Goma, niko Bruxelles, Anderlecht. Kule ku Abattoir juu ya nyumba kulikuwa serre kubwa wanalima na samaki, ndiyo ilinipa wazo. Nataka kulima lengalenga, matembele na sombe. Itawezekana? Mama wa Anderlecht

Asante mama kwa barua. Hiyo uliyoiona ni shamba la kampuni ya BIGH, waliifungua 2018 juu ya paa la soko la Foodmet, kama mita za mraba 4000 ukijumlisha grinihausi na bustani ya wazi, walianza na samaki aina ya bass. Kitu cha kuangalia pale ni joto: chini ya lile paa kuna vyumba vya baridi vya nyama, na mashine ya baridi inatoa joto nyuma yake, wao wakalivuta juu kwenda kwenye grinihausi. Kwenye miji yetu mingapi mashine za bucha zinapuliza joto barabarani na hakuna anayelitumia! Mimi hilo wazo nalipenda kuliko hata samaki wenyewe.

Sasa mboga zako. Lengalenga, ambayo Tanzania tunaiita mchicha, inataka joto hata kuota, mbegu zinasinzia kama hapajafika nyuzi 18 au 20. Kwaiyo Juni mpaka mwanzo wa Septemba, ndani ya serre, itakua haraka mpaka ushangae, unakata inachipua. Oktoba imekwisha. Matembele ni rafiki mkubwa wa akwaponiki, chukua kiazi kitamu dukani, kiache kichipue dirishani Machi, kata machipukizi weka kwenye glasi ya maji yatatoa mizizi, Juni unapeleka nje. Yanakunywa naitreti kama hayana akili. Baridi ikija bakiza vipande viwili vitatu ndani ya nyumba kwa mbegu ya mwaka kesho. Sombe, yaani majani ya muhogo, mama yangu, usijisumbue. Muhogo unataka miezi mingi ya joto na mizizi yake haipendi kukaa kwenye maji, endelea kununua ile ya mtaa wa Matonge hapo Bruxelles.

Kwa baridi panda ile saladi ndogo ya majani mviringo ambayo hapo Ubelgiji mnaita mâche, na spinachi, na pak choi, na kotimiri. Kotimiri inapenda ubaridi, kwenye joto inakimbilia kutoa maua.

Niko ghorofa ya tatu Malmö, sina bustani wala balkoni ya maana. Naweza kuweka mfumo ndani ya flati? Nilikuwa nafikiria tangi la lita 500 na rafu za taa. Kijana wa Malmö

Lita 500 hapana. Maji ni mazito, lita 500 ni nusu tani kabla hujaweka kokoto na fremu, na sakafu za nyumba za kuishi huku kawaida zinapigiwa hesabu ya kilo 150 mpaka 200 kwa mita moja ya mraba. Mwenye nyumba akijua atakutoa, na asipojua ndo mbaya zaidi. Baki na akwariamu ya lita 200, uiweke kwenye ukuta unaobeba nyumba, sio katikati ya chumba, na mwandikie mwenye nyumba kwanza.

Ndani una bahati moja, joto unalilipia tayari kwenye kodi. Nyuzi 20 au 21 zinawatosha goldfish na zinawatosha bakteria. Shida yako ni mwanga. Desemba hapo Malmö mchana una masaa saba tu, tena ya mawingu, na dirisha linakata mwanga mwingine. Watu wengi wanafikiri mboga za Ulaya zinagoma sababu ya baridi, kwa kweli kinachogomesha ni giza. Hata kwenye grinihausi yenye joto, kuanzia mwisho wa Oktoba mpaka katikati ya Februari, kipindi ambacho mchana hauzidi masaa kumi, saladi inasimama tu inakuangalia. Taa za LED nzuri utahitaji kama wati 80 kwa kila mita ya mraba, masaa 16 kwa siku, hiyo ni kama kilowati-saa 1.3 kwa siku kwa hiyo mita.

Ila wewe huwezi hata kuijaza hiyo mita moja. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wanatoa kipimo cha gramu 40 mpaka 50 za chakula cha samaki kwa siku kwa kila mita ya mraba ya mboga za majani. Lita 200 zitabeba kilo moja ya goldfish kwa raha, kilo mbili kwa kujibana, na kilo moja wanakula kama gramu 10 kwa siku. Kwaiyo unalisha robo ya mita ya mraba, yaani trei moja ya saladi na rihani na dania. Hiyo ndo size yako na ni nzuri, taa ya wati 20 inatosha, na utajifunza kila kitu humo kabla hujapata sehemu kubwa. Funika uso wa maji usiache wazi, unyevu ukipanda kwenye flati ya baridi ukungu unaanza kwenye kona za madirisha, na watoto wanakohoa.

Mimi ni mzee niko Vejle, Denmark, nimestaafu, nina uwanja. Nimeamua trauti. Niangalie nini? Mzee wa Vejle

Shikamoo mzee. Umekaa penyewe, hapo Jutland kwenu wanafuga trauti wa upinde wa mvua kwenye mabwawa ya maji baridi tangu mwisho wa karne ya 19, vifaranga na chakula havitakusumbua kupata, na ukienda kwa mfugaji wa karibu ukamuuliza kwa heshima atakufundisha mengi kuliko mimi.

Trauti ana mambo mawili, joto na oksijeni, na ni jambo moja kwa kweli. Anapenda nyuzi 10 mpaka 16. Yakizidi 20 anateseka, yakifika 24 au 25 anakufa. Na maji yanapopata joto yanashika oksijeni kidogo zaidi: nyuzi 10 yanashika miligramu 11 kwa lita, nyuzi 20 yanashika 9, wakati huohuo samaki mwenyewe kwenye joto anapumua zaidi. Usiruhusu ishuke chini ya 6 au 7. Kwaiyo mzee adui yako ni Julai. Weka tangi upande wa kaskazini wa nyumba au lifukie, weka kivuli, wimbi la joto likija acha kulisha mpaka lipite, na anza na kilo 10 za samaki kwa lita 1000 usizidishe.

Umeme ukikatika pampu ikasimama, trauti hawana muda, ndani ya nusu saa unaweza kuwakosa wote. Pampu ndogo ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe umeme ukikata ndo kitu cha kwanza kununua, kabla ya samaki, kabla ya mbegu. Tafadhali mzee hilo usilirushe mbele. Na weka na king'ora cha simu kama vijana wanaweza kukusaidia kukifunga.

Upande wa mboga, maji ya trauti ni baridi kwa mizizi ya nyanya na bamia, zinataka nyuzi 18 kwenda juu. Pale Härnösand, Sweden, kampuni ya Peckas walifuga trauti hawahawa na kulima nyanya za kuuza madukani, lakini hiyo ni grinihausi ya biashara inayopashwa joto. Kwa nyumbani panda saladi, spinachi, sukuma, na watercress ambayo inaota yenyewe kwenye vijito baridi. Tumia vitanda vya maji vyenye povu linaloelea juu badala ya kokoto, povu lenyewe ni blanketi. Ila hapo inabidi uwe na chujio la kukamata uchafu kabla maji hayajafika kwenye mizizi, manake kokoto ndo zilikuwa zinafanya hiyo kazi. Na Desemba mboga zikisimama wakati samaki bado wanakula kidogo, naitreti itapanda, usiogope, badilisha maji kidogo na hayo unayotoa weka chini ya miti ya matunda.

Nataka nianze biashara ya akwaponiki, niuze kama oganiki, Waholanzi wanalipa. Nipo Eindhoven. Mfanyabiashara

Oganiki huwezi. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 2018/848 inataka mboga ziwe zimekua kwenye udongo hai, mboga ya majini hata kama hujaweka tone la dawa hupewi ile alama ya jani la kijani. Marekani wao wanaruhusu, Ulaya hapana. Andika tu kwamba imelimwa bila dawa za wadudu na uiweze hiyo kauli, kwenye akwaponiki ni rahisi, manake ukipuliza dawa samaki wako ndo wa kwanza kufa. Na samaki wa kuuza chakula lazima ujisajili, sheria ya afya ya wanyama ya Ulaya, 2016/429, imeanza kufanya kazi Aprili 2021 na inawahusu wafugaji samaki pia, huko Uholanzi anzia NVWA, mamlaka yao ya usalama wa chakula. Uliza na aina ya samaki unaotaka kabla hujanunua. (Walioko Uingereza sheria yenu ni nyingine, ukifuga samaki wa kuliwa England au Wales ongeeni na Fish Health Inspectorate, wakaguzi wa afya ya samaki wa shirika la Cefas pale Weymouth, na samaki wageni kwa nchi wanahitaji leseni yao.)

Kuhusu faida ntakuambia wazi. The Hague walijenga shamba la paani la UrbanFarmers, juu ya jengo la zamani la Philips, 2016, sato chini mboga juu, dunia nzima ilikuja kupiga picha. 2018 likafilisika. Angalia lilipokaa: ukishuka pale na baiskeli dakika chache uko Westland, ambako grinihausi zimepangana mpaka macho yanaishia, nyanya na saladi zinatoka kwa bei ambayo paa la mjini haliwezi kushindana nayo. Na sato wa kugandishwa anakuja kwa kontena kutoka China. Berlin, shamba la ECF walikuwa na sato na mboga nyingi, wakaishia kwenye rihani ya vyungu kwa supamaketi pamoja na samaki. Wamepunguza vitu, wakaongeza mteja mmoja mkubwa. Kwaiyo wewe usianze na saladi. Eindhoven, Rotterdam, Antwerp, kuna akina mama wangapi wanatafuta mchicha, matembele, mnavu wa leo asubuhi, na hawaupati au wanaupata umesinyaa baada ya ndege? Huyo mteja Westland hawamjui, wewe unamjua kwa jina. Anza na hiyo, kiangazi tu, na samaki waliwe na familia yako mwaka wa kwanza.

Fundi, swali fupi. Bwawa langu la kapi huku Poznań limefunga barafu juu. Nivunje? Msomaji wa Poland

Usivunje na nyundo, ule mshindo unapita kwenye maji na unawaumiza. Chukua sufuria la maji moto liweke juu ya barafu mpaka litoboe, shimo moja la upana wa ndoo linatosha hewa mbaya itoke. Kama una kifaa cha mapovu kipandishe kiwe karibu na juu, kisikae chini kabisa, manake maji mazito kuliko yote ni ya nyuzi 4 na yanakaa chini, kapi wamelala humo, ukiyakoroga unawaletea baridi ya juu. Usilishe mpaka maji yafike nyuzi 8 au 10, chakula kitaoza tumboni na kwenye bwawa. Wana akiba mwilini. Kwa wenzenu wa Třeboň, Jamhuri ya Cheki, bwawa la Rožmberk lilimalizwa kuchimbwa 1590 na mpaka leo kapi wanapita baridi namna hiyohiyo, miaka mitatu minne ndo wanafika mezani Krismasi. Mfumo wa mboga zima pampu yake, toa maji kwenye mabomba yote yasipasuke, chujio lako libaki na maji na hewa kidogo sehemu isiyoganda ili bakteria wasife, na uwashe tena Aprili.